Mkono wa Adongo Pembeni mwa Sufuria

Busia, upande wa Kenya

Baba yangu,

Shikamoo. Nimetanguliza shikamoo usije ukasema hasira imenisahaulisha malezi, maana huko mbele utaona nimekasirika kwelikweli. Wundanyi hamjambo? Goti la Mama linamruhusu kushuka mpaka shambani, au bado anajifanya haliumi? Kabeji zimepata mvua? Na yule ng'ombe mwekundu amezaa, au bado anatuzungusha? Mimi mwili ni mzima, nakula na nalala. Kilichochafuka ni moyo, na ndiyo sababu naandika badala ya kupiga simu. Simu naijua. Ningefika nusu ya habari, ungesema "pole, mwanangu," nami ningeanza kulia, na habari ingeishia hapo. Basi vaa miwani, unisome mpaka mwisho bila kunikatiza.

Unakumbuka siku nilipokuambia nimechagua kusomea uhusiano wa umma? Ulicheka mpaka chai ikamwagika mezani. Ukaniuliza, "Kazi gani hiyo ya kuwasemea watu wenye midomo yao?" Nilikuhutubia jioni nzima, Mama akachoka akaenda kulala. Nilikuambia ni kazi ya kuziba pengo kati ya kampuni na watu, na bila kazi hiyo watu hawaelewani. Ukasema haya, tutaona. Sasa tumeona, Baba, lakini usicheke bado.

Mwalimu wetu wa chuo alituambia kipindi hiki cha atachimenti, cha kujifunza kazi ofisini, si cha kupiga muhuri tu. Kila mmoja atafute anachokipenda katika kazi hii, kwa sababu ina vyumba vingi: kuna wa kuandika taarifa za magazeti, kuna wa kusimamia kurasa za mitandao, kuna wa kuandaa hafla, na kuna wanaoitwa pale jina la kampuni linapochafuka, wakalisafishe. Mimi nilitaka hao wa mwisho. Nilijiona nikiingia mahali pamewaka moto, nazima, watu wananishukuru. Sikujua nitapelekwa kwa watu wanaouwasha wenyewe kwa makusudi.

Ofisi ya matangazo niliyopewa iko ghorofani, juu ya duka la simu, hapa kwenye barabara ya malori. Mkubwa wetu ni Madam Lorna, mwanamke mwepesi, anaongea haraka, amevaa vizuri daima. Picha zinapangwa na kijana mmoja anaitwa Brayo, ambaye haondoki kwenye kompyuta hata kula. Tulikuwa tunatangaza unga wa uji wa watoto. Jina la unga huo sitaki hata liguse karatasi hii.

Wiki za mwanzo nilifurahi, sitakuficha. Nilijifunza mambo ya sasa ambayo chuoni tunayasikia kwa mbali. Madam Lorna alituambia gazeti limekwisha, redio imezeeka, na mteja sasa anakaa ndani ya simu. Msichana mwenye wafuasi wengi akinywa uji mbele ya kamera, anauza kuliko bango la barabarani. Na picha yoyote lazima iwe ya kusimama, ndefu na nyembamba, kwa kuwa simu hushikwa imesimama. Bango nalo likatwe vivyo hivyo, lifanane na la kwenye simu. Niliyameza yote hayo, nikaona nimefika mjini.

Kazi yangu ilikuwa kutafuta watoto wa kupigwa picha. Nilikuwa navuka mpaka kila asubuhi kwenda soko la upande wa Uganda, kwa sababu uji ulikuwa unauzwa pande zote mbili, mpaka Tororo na Malaba. Huko ndiko nilikompata Nalongo. Hilo si jina lake la kuzaliwa. Ndivyo Uganda wanavyomwita mama wa mapacha, na akishaitwa hivyo jina la zamani halimtafuti tena. Anauza nguo za watoto za mitumba. Mapacha wake ni wasichana, wameanza kusimama kwa kushikilia vitu: Apio ndiye aliyetangulia, Adongo akafuata. Anawaketisha kila mmoja kwenye karai lake, katikati ya rundo la nguo, na kila mteja lazima awasalimie wote wawili kabla ya kuuliza bei.

Siku ya kwanza niliwakuta nikampa Apio biskuti. Nalongo aliidaka mkononi mwa mtoto kabla haijafika mdomoni.

"Hapana, dada. Hapa hatufanyi hivyo. Ukipatia huyu, napatia na huyu. Saa moja, kitu moja. Kama huna mbili, baki na yako."

Nilidhani ananitania. Jirani yake muuza nyanya akanielezea, akicheka, kwamba kwao mapacha hawabaguliwi hata kwa kitu kidogo. Ukimtazama mmoja sana, mwingine atanuna. Ukimpa mmoja nguo, mwingine ataugua, na wa kulaumiwa ni mama. Nikaenda kununua biskuti ya pili. Nalongo akasubiri mpaka nikasimama katikati ya makarai, nikawapa kwa mikono miwili kwa mara moja. Ndipo akaniita rafiki.

Kwa hiyo nilipomwomba awalete kwa picha, aliuliza swali moja tu: wote wawili? Nikamwambia wote wawili. Nilirudi ofisini nikamwambia Madam Lorna, mbele ya Brayo, kwamba watoto hawa hawatenganishwi kwa chochote. Akasema, "Poa, mapacha wanauza." Hayo ni maneno yake, na mimi niliyapokea kwa shukrani kama mjinga.

Siku ya picha Nalongo alifika amewavalisha magauni ya kitambaa kimoja. Tuliwaketisha huku na huku ya sufuria kubwa ya uji, kila mmoja ameshika ukingo wa upande wake. Adongo alikuwa anacheka na Apio amekunja uso, amekasirikia taa. Picha ilikuwa nzuri, Baba. Hata wewe ungeibandika sebuleni. Mwisho wa kazi wakampa Nalongo katoni la unga na gauni moja jipya. Moja! Nilisema palepale kwamba gauni moja halifai. Madam Lorna akajibu kwamba limebaki hilo tu. Nalongo aliliacha juu ya kiti akaondoka na katoni peke yake, naye akanishukuru mimi.

Baadaye mabango yakatoka. Nilivuka asubuhi nikakuta moja limebandikwa ukutani mlangoni mwa soko, refu na jembamba kama walivyotaka. Apio yuko katikati na uso wake uliokunjamana. Sufuria imekatwa nusu. Adongo hayupo. Amebaki mkono wake tu, vidole vidogo vimeshika ukingo wa sufuria pale pembeni mwa karatasi, na nyuma ya mkono hakuna mtu.

 Nalongo alikuwa amesimama mbele ya bango, mtoto mmoja mgongoni na mwingine kifuani. Wanawake wa soko walikuwa wamemzunguka. Muuza nyanya aliponiona akasema kwa sauti, wote wasikie, "Huyu ndiye alileta kamera." Nalongo aligeuka. Hakunitukana, na heri angenitukana.

"Rafiki, mimi nilikuletea watoto mbili. Ile ingine mumeweka wapi?"

Nilirudi ofisini mbio, nimelowa jasho, nikadai bango liondolewe. Madam Lorna hakuinua hata macho.

"Mghoi, hiyo ni saizi tu. Simu iko hivi," akaiinua simu yake imesimama, "na watoto wawili hawaingii. Kwani mtoto amekufa? Wacha ushamba."

Nikamtazama Brayo. Akasema aliambiwa akate, akakata. Mkono ulibaki kwa kuwa ukiutoa sufuria inaharibika. Hebu fikiria, Baba! Waliihurumia sufuria.

Sasa sikiliza yaliyompata Nalongo. Nyumbani kwa mumewe ni Molo, huko ndani ya wilaya ya Tororo, kwa wakulima. Mumewe anafanya vibarua Malaba kwenye foleni ya malori. Bango lilibandikwa Malaba pia, likabandikwa Tororo mjini, na mama mkwe alipokwenda Tororo sokoni akalikuta. Akamwona mjukuu mmoja, na mkono wa mwingine. Wiki hiyohiyo Adongo akashikwa na homa. Hospitali ya Tororo wakamwona ana malaria, wakampa dawa, akapoa. Lakini kwa mama mkwe mambo yalikuwa yamekwisha kuunganishwa. Alituma neno kwamba Nalongo amemkataa mtoto mmoja mbele ya dunia nzima, na asikanyage Molo mpaka Adongo arudi mahali pake. Mume naye akasimama upande wa mama yake. Nalongo akahamia kwa dada yake, chumba kimoja nyuma ya soko, yeye na watoto na rundo la mitumba.

Najua utauliza kama mimi naamini kwamba picha inaweza kumpa mtoto homa. Siamini. Mbu ndio waliomuuma Adongo. Lakini hata mtu asiyeamini chochote, anawezaje kuchukua watoto wawili waliokaa pamoja tumboni akamkata mmoja ili karatasi ipendeze? Na akishaambiwa, akaambiwa tena, anawezaje kumwita aliyemwambia mshamba? Hilo ndilo linalonichoma. Hawakukosea kwa kutojua. Nilikuwa nimewajulisha kwa mdomo wangu huu.

Wanawake wa soko wakaacha kununua ule unga. Hawakufanya mkutano wala maandamano. Waliupita tu kwenye rafu kama hawauoni. Wauzaji wa jumla wakaanza kulalamika, malalamiko yakafika kampuni, kampuni ikampigia Madam Lorna. Nikasema afadhali, sasa watasikia. Sasa ndiyo siku yangu ya kuzima moto. Nikaandaa kichwani maneno yote niliyofundishwa: tukubali kosa, tuombe msamaha hadharani, turudishe picha nzima, twende Molo na zawadi mbili zinazofanana.

Madam Lorna aliingia ofisini anapiga makofi.

"Watu wanaongea! Mnaona? Kila mtu anauliza mtoto mwingine yuko wapi. Hiyo ndiyo kampeni yetu. Wapi Adongo? Tunaiweka kwa mitandao, tunalipa wale wasichana wa wafuasi wengi waulize pia, na Jumamosi tunaleta lori la muziki sokoni. Nalongo anapanda jukwaani analia kidogo, halafu tunamtoa Adongo nyuma ya pazia. Amepatikana! Kila mtu anacheka, unga unauzwa."

Nilimuuliza kama amesema alie. Akasema ndiyo, kidogo tu, kwa kamera. Kisha akanipa mimi kazi ya kumshawishi Nalongo, kwa kuwa Nalongo ananiamini. Akaongeza kwamba nikifanya vizuri, nikimaliza chuo kuna kiti changu pale ofisini.

Baba, sitajifanya malaika. Kile kiti nilikiona. Nilitembea mpaka kwenye mpaka nikikifikiria, nikaona mpaka rangi yake. Halafu nikafika kwa dada yake Nalongo nikamkuta anamwogesha Adongo, na Apio anasubiri zamu yake akiwa ameshika ukingo wa beseni vilevile alivyoshika sufuria. Nikamweleza kila kitu, pamoja na habari ya kulia na ya pazia.  Kisha akauliza, "Na hiyo maiki, nani anashika?"

Nikamwambia ni mimi.

"Basi nitakuja."

Jumamosi lori likaja. Spika zilikuwa kubwa kuliko vibanda, muziki ukawa unatikisa mabati. Madam Lorna alikuwa mbele na simu yake imesimama, anarekodi. Nalongo alipanda amebeba watoto wote wawili waziwazi, mmoja kila upande wa nyonga. Madam Lorna akaanza kunipungia mkono kwamba Adongo aende nyuma ya pazia kwanza. Nikajifanya simwoni. Nilitakiwa kumuuliza Nalongo maswali niliyoandaliwa. Badala yake nilimshika Apio, nikamshika na Adongo, nikampa mama yao maiki.

Akasema hivi, na mimi nakuandikia kama alivyosema:

"Mimi hapana potea mutoto. Mutoto yangu iko hapa, na ingine iko hapa. Hawa watu ndio nakata yeye na makasi. Halafu nataka mimi nalia juu ya gari, nyinyi nacheka, nanunua uji. Mimi silii. Mama mkwe yangu iko Molo nakataa mimi sababu ya hii karatasi. Nataka mutu ya hii unga naniambia mbele ya watu: mutoto yangu nakosa nini?"

Muziki ulikuwa umezimwa.  Madam Lorna alimwashiria fundi azime jenereta, maiki ikafa, lakini Nalongo aliuliza tena kwa sauti yake mwenyewe, na sauti ya mwanamke aliyezoea kuita wateja haihitaji jenereta. "Nakosa nini?"  Wanawake wakaanza kuitikia kutoka vibandani, kwa Kiswahili, kwa Kidhopadhola, kwa Kisamia, wote wanauliza hilohilo, mpaka lori likarudi nyuma polepole likaondoka na pazia lake.

Nilifukuzwa jioni hiyo. Madam Lorna alisema sitawahi kufanya kazi ya uhusiano wa umma mahali popote, kwa kuwa nimeiaibisha kampuni mbele ya umma. Nilimjibu kwamba umma wenyewe ulikuwepo, angeuuliza nani amewaaibisha. Ndiyo, Baba, nilimjibu mkubwa. Nililelewa vizuri lakini nilizaliwa na wewe. Hakukubali kuniandikia ripoti ya chuo. Nimemweleza mwalimu wangu yote, naye amesema atafikiria. Huenda nikarudia muhula. Nimeona bora ulisikie kwangu kuliko ulisikie kwa Shangazi.

Kampuni haijaomba msamaha mpaka leo, na mabango haijayaondoa. Wamekaa kimya wakingoja watu wasahau. Nilipomwambia Nalongo kwamba sina la kufanya tena, na kwamba nilichobaki nacho ni picha nzima ndani ya simu yangu, akaniambia niwashe simu. Tukaenda kwa mwenye duka la kuchapisha picha. Akauchapisha upande wa Adongo, kwa ukubwa uleule wa bango. Nalongo alipima kwa kamba ya kufungia mitumba, kutoka kidevu mpaka paji la uso, Apio kisha Adongo. Ya kwanza ilipungua kidogo akaikataa. Mwenye duka akaguna, akachapisha upya.

Gundi hatukuwa nayo. Muuza nyanya akaingia kibandani, akatoka na lile katoni ambalo Nalongo alikuwa hajaligusa. Wakakoroga unga ule kwenye sufuria, wakaupika mzito, wakapaka ukutani kwa ufagio. Ulishika vizuri ajabu. Wakazunguka soko lote wakimrudisha Adongo kando ya dada yake, na mkono wake ukapata mwenyewe. Vijana wa bodaboda wakabeba nakala za Malaba na Tororo, na unga wa kuzibandikia. Sijaona unga huo ukitumika vizuri kama siku ile.

Mama mkwe alikuja kutoka Molo kwa boda, amevaa gomesi yake ya kanisani. Ni mwanamke mfupi, hacheki. Alisimama mbele ya bango akatazama kwa muda mrefu, akagusa mahali karatasi mbili zilipokutana, akaona zimekutana sawasawa. Kisha akaketi juu ya rundo la mitumba, akanyoosha mikono yote miwili, na hakuishusha mpaka alipopewa watoto wote kwa wakati mmoja. Nalongo amerudi Molo. Mume bado anaona haya kunitazama, na mimi namwacha aone haya.

Kwa hiyo, Baba, swali lako nimelijibu mwenyewe. Watu wana midomo yao, ulisema kweli. Lakini kuna mtu anayeshika maiki, na nimeona ni muhimu sana mtu huyo awe nani. Sitaacha masomo haya. Nimekijua chumba changu: nataka kukaa kati ya kampuni na watu wanaoishi karibu nayo, na kampuni ikitaka kukata, iambiwe kabla ya kukata. Kama kazi hiyo haipo, nitawasumbua mpaka iwepo. Bado nina hasira. Nimeamua kukaa nayo, kwa sababu nadhani itanifaa.

Nisalimie Mama, mwambie goti lake nalijua, asinidanganye. Nisalimie Nyanya Wakesho; mwambie Nalongo ameahidi kumtumia kitambaa, na kwa kuwa nilimwambia Nyanya ni mmoja tu, amekubali kutuma kimoja. Kaka Mwadime asimalize kabeji zote kwa kuuza, anibakizie ninazokuja kula. Shangazi Mkamburi mwambie sijaolewa huku, aache kuuliza.

Barua hii naituma kwa basi mpaka Voi, utaipokea kwenye bahasha kubwa ngumu. Nimekutilia ndani picha nzima, Apio na Adongo na sufuria yao. Ibandike sebuleni kama nilivyokwambia. Lakini ukiitoa kuwaonyesha majirani, Baba, nakuomba, usiikunje katikati.

Mimi binti yako mwenye mdomo,
Mghoi